Mbacha na Msala: Mjadala wa Mtihani na Safari ya Ng'ambo, Kakuma na Lodwar

Mada ya mjadala huu ni hali ya mtahiniwa wa kidato cha nne ambaye, katika miezi ileile anayojiandaa kwa Hati ya Kuhitimu Kisomo cha Sekondari, yaani KCSE, anatakiwa pia kujiandaa kwa safari ya ng'ambo. Hali hii yaweza kumpata mwanafunzi popote, lakini katika Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ina uzito wa pekee, kwa sababu kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kupokea vijana waliokuwa wametembea kwa miguu kupitia Sudan na Ethiopia, imekuwa kwa zaidi ya miaka 30 mahali pa kusomea na wakati huohuo mahali pa kungojea kuondoka. Kambi hiyo iko takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, na tangu mwaka 2016 imeongezewa makazi ya Kalobeyei, yaliyopangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na huduma zilezile.

Istilahi tatu zinahitaji kufafanuliwa kabla ya hoja kuanza. Makazi mapya ni utaratibu ambao mkimbizi, baada ya kupendekezwa, kwa kawaida na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, huhamishiwa nchi ya tatu akaishi huko moja kwa moja. Kesi, kwa maana inayotumika kambini, si shauri la mahakamani bali ni jalada la familia nzima linalofuatiliwa tangu mahojiano ya kwanza hadi siku ya kupanda ndege. Buufis ni neno la Kisomali lililoenea katika kambi za Kenya, nalo hutaja ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayomkaa mtu moyoni hata akashindwa kutulia katika shughuli za siku. Sauti tano zinazozungumza hapa si za watu mahususi, bali kila moja inasimamia upande wa hoja kama unavyoweza kutetewa na mtu wa nafasi hiyo: Mwalimu wa watahiniwa, Mama mwenye kesi, Mshauri wa masomo, Mwenyeji wa Lodwar, na mwishowe Mtahiniwa. Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba pale mtihani na safari vinapogongana, mtihani ndio unaostahili kutangulizwa.

MWALIMU: Hoja hii ni ya kuungwa mkono, kwa kuwa kati ya karatasi zote atakazozishika mtahiniwa katika mwaka huo, cheti cha KCSE ndicho pekee kisichokuwa na tarehe ya kwisha muda. Uchunguzi wa kiafya wa msafiri huisha muda, uhakiki wa usalama huisha muda, hata kibali cha kutoka kambini huisha muda, lakini alama iliyopatikana Novemba moja hubaki kuwa alama miaka 40 baadaye. Tena mtihani huu haumsubiri mtu, kwani majaribio ya vitendo huanza mwishoni mwa Oktoba, karatasi za nadharia hujaza sehemu kubwa ya Novemba, na Baraza la Kitaifa la Mitihani halimpangii mtahiniwa mmoja siku yake ya peke yake ya kuingia maabarani kwa karatasi ya tatu ya bayolojia. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mbacha wako, yaani mkeka wako uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia, ambao hata uwe mzuri namna gani, ukiwa unapita mikononi mwa mwenyewe, hauwezi kukaliwa na anayeutazama.

MAMA: Methali ya Mwalimu ni nzuri, ila ilitungwa na mtu aliyekuwa na nyumba ya kuutandika huo mbacha. Kambini mtoto hasafiri kama mtoto mmoja, husafiri ndani ya kesi, na kesi ni ya baba, mama, ndugu na pengine bibi. Siku ya uchunguzi wa kiafya wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, akikosekana mmoja kwa sababu yuko kwenye mtihani wa mwigo, wanaweza kusimama wote. Uchunguzi huo, kwa wanaokwenda Marekani, hudumu kati ya miezi 3 na 6 tu kulingana na hali ya mapafu ya msafiri, na uhakiki wa usalama una muda wake mwingine, kwa hiyo kimoja kikiisha kabla ya kingine kukamilika, familia hurudishwa nyuma kuanza upya. Mtihani nao hurudi kila Novemba, na Mwalimu mwenyewe hupokea kila mwaka vijana wanaorudia kidato cha nne. Basi kati ya vitu hivi viwili, kipi ndicho msala unaopita, ndege au karatasi ya bayolojia?

MSHAURI: Kabla ya kumjibu Mama, ni vyema kutenganisha safari zenyewe, kwa maana zote zinaitwa kwenda ng'ambo ilhali hazikutani na mtihani mahali pamoja. Safari ya kwanza ni ya makazi mapya, ambayo chanzo chake ni ulinzi wa mkimbizi wala si elimu yake, na ndiyo sababu hatua zake zaweza kuangukia juma lolote la mwaka. Safari ya pili ni ya ufadhili unaoanzia kwenye matokeo ya mtihani. Mfano wake ulio wazi zaidi hapa ni mpango wa shirika la Kanada la WUSC, ulioanza mwaka 1978 na uliokwisha kuwapeleka zaidi ya wanafunzi wakimbizi 2,000, ambapo wanafunzi wa vyuo vya Kanada huchanga sehemu ndogo ya karo zao ili kumdhamini mwenzao, naye huingia nchini humo akiwa tayari na haki ya ukaazi wa kudumu. Huko mwombaji hufanya KCSE kwanza, kisha huomba na kusailiwa, kisha hupewa muda wa matayarisho ya Kiingereza na kompyuta, na huondoka muhula unapokaribia kuanza, yapata Agosti. Safari ya tatu ni ya viza ya mwanafunzi, ambayo kwa mkimbizi ni nyembamba kuliko zote, kwa kuwa afisa wa ubalozi wa Marekani humtaka mwombaji amthibitishie kwamba akimaliza masomo atarudi kwao, na huyu ameandikwa mkimbizi kwa sababu kurudi kwao hakuwezekani.

Maelezo ya Mshauri yanabadilisha umbo la swali. Kama safari ya pili inaweza kupangwa ikaja nyuma ya mtihani bila mtu kupoteza nafasi, basi mgongano wa Mwalimu na Mama hautokani na maumbile ya mitihani wala ya safari, bali na utaratibu wa jalada usiokuwa na mahali pa kuandika tarehe za mtihani. Hata hivyo mjadala haukufika mbali kabla ya sauti kutoka Lodwar kudai kwamba mgongano huo haumhusu mkimbizi peke yake.

MWENYEJI: Ndugu zetu wa Kakuma wasidhani kwamba mwenye kitambulisho cha taifa amesalimika. Mtahiniwa wa Lodwar anayetaka chuo kikuu cha Marekani hukuta kwamba milango mingi ya maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na ile ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba, katika majira yaleyale ya karatasi za nadharia. Matokeo ya KCSE aghalabu hutangazwa Januari, kwa hiyo huomba kwa alama za kukisiwa na walimu wake, na huenda akafanya pia SAT, mtihani mwingine wa Kiingereza na hisabati, juu ya masomo yake ya kila siku. Akifaulu kupata nafasi, pasipoti itahitaji cheti cha kuzaliwa chenye jina lilelile lililo kwenye cheti cha mtihani, na mahojiano ya viza yatamtaka Nairobi, takriban kilomita 700 kwa barabara kupitia Kitale.

Lakini kuna jambo jingine. Waandishi wengi wa ng'ambo wamerudia kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo mahali, na msomaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hakuna neno kama hilo lenye maana hiyo. Kosa hilo si la lugha tu, maana linaifanya Turkana ionekane ni pa kupitia. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mtazamo huohuo ilipomhamishia Jomo Kenyatta Lodwar mwaka 1959 baada ya kifungo chake cha Lokitaung, ikiamini kwamba umbali ungemfanya asahaulike. Leo Lodwar ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, na mwenye wastani wa C+ katika KCSE amefikia kiwango cha chini cha kujiunga na shahada nchini Kenya. Kuutanguliza mtihani, basi, ni kukataa kuamini kwamba maisha huanzia uwanja wa ndege.

MAMA: Mwenyeji asisahau kwamba mwaka huohuo wa 1959, wakati Kenyatta akizuiliwa Lodwar, Tom Mboya aliwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege moja kutoka Nairobi kwenda Marekani, na mwaka uliofuata Wangari Maathai akawa miongoni mwa waliofuata njia hiyo. Watu wengi walichanga, na hakuna aliyesema wanafunzi hao walikuwa wameidharau nchi yao. Mkaa bure si sawa na mtembea bure.

MWALIMU: Mfano huo, Mama, unaisaidia hoja inayopingwa. Wangari alimaliza shule ya Loreto Limuru mwishoni mwa 1959 na akaondoka Septemba 1960, akiwa na cheti mkononi, kwa sababu waandalizi walijua kwamba chuo cha Marekani hakiwezi kumpokea mtu asiyejulikana amesoma nini. Uzuri ni kwamba Kakuma yenyewe ina mfano wa kulinganisha. Kati ya mwaka 2000 na 2001, vijana wa Sudan Kusini wanaokaribia 4,000, wengi wao kutoka Kakuma, walipelekwa Marekani. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na wakaandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku yao ya kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwa kukisia ndio uliogawa maisha yao huko. Waliohesabiwa kuwa chini ya miaka 18 waliwekwa katika familia za malezi na kupelekwa shule, na waliohesabiwa kuwa wameuvuka umri huo walitarajiwa kujitegemea kwa kazi baada ya miezi michache, huku deni la nauli ya ndege likiwangoja. Asiyekuwa na cheti cha sekondari katika kundi la pili alilazimika kusomea usiku GED, yaani mtihani unaohesabiwa kuwa sawa na kumaliza sekondari, baada ya zamu ya kiwandani. Novemba moja aliyoiruka hapa ilimgharimu miaka kule.

MAMA: Na aliyebaki nyuma Novemba hiyo ili aumalize mtihani, akakutwa na Septemba 2001? Ndege zilisimamishwa kwa miezi baada ya mashambulizi ya New York. Zikasimamishwa tena Januari 2017, na Sudan na Somalia zilikuwa katika orodha ya nchi zilizozuiwa. Zikasimama Machi 2020 kwa sababu ya korona. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wote, waliokuwa wamekatiwa tiketi wakaambiwa wasitoke, na baadaye idadi ya wakimbizi wa kupokewa kwa mwaka ikashushwa kutoka 125,000 hadi 7,500. Mlango unaofungwa mara nne ndani ya miaka 25, ukiukuta wazi unapita, hata kama kalamu imebaki mezani.

MSHAURI: Matukio hayo manne ni ya kweli, lakini yanashuhudia pande zote mbili. Mama anasema mlango hufungwa, kwa hiyo pita upesi. Mwalimu anaweza kusema mlango hufungwa, kwa hiyo usiutegemee. Mtahiniwa aliyeacha kusoma katika muhula wa tatu wa mwaka 2024 kwa kuwa kesi yake ilikuwa imefika hatua ya mafunzo ya utamaduni, yaani yale masomo ya siku chache yanayomweleza msafiri maisha ya nchi aendayo, aliamka Januari 2025 bila safari na bila alama. Hapo ndipo buufis huacha kuwa hamu ya moyoni ikawa hasara inayoandikwa kwenye karatasi ya matokeo. Aliyesoma kana kwamba hakuna safari aliamka Januari hiyohiyo na kitu kimoja mkononi.

Kwa upande mwingine, Mwalimu naye asiutetee mtihani kana kwamba umejengwa kwa mawe. KCSE ya mwaka 2020 haikufanywa Novemba, ilifanywa Machi na Aprili 2021 kwa sababu ya korona, jambo linaloonyesha kwamba kalenda ya taifa zima husogezwa pakiwa na sababu. Na kauli ya Mama kwamba mtihani hurudi kila Novemba inahitaji tahadhari, kwa kuwa kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, ule wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, linatarajiwa kufika kidato cha nne mwaka 2027, na anayekusudia kurudia baadaye itambidi aulize mapema atarudia katika mfumo gani.

MAMA: Basi mtoto ashike vyote viwili?

MWALIMU: Mshika mbili moja humponyoka, Mama.

Hadi hapa pande zote zimekuwa zikimzungumzia kijana aliyeketi kati yao, na desturi ya heshima, ambayo humtaka mdogo angoje wakubwa wamalize, imemnyamazisha. Mtahiniwa anapopewa nafasi haungi mkono upande wowote, bali anaihoji methali ya mwisho.

MTAHINIWA: Kwa heshima ya Mwalimu na ya Mama, methali hiyo inamlaumu anayeshika bila kuuliza ni nani aliyeviweka vitu viwili mikononi mwake. Mtahiniwa wa Kakuma hakuomba kesi ya familia ifunguliwe mwaka gani, na hakuchagua kufika kidato cha nne akiwa na miaka 20 au 21 kwa sababu vita vilimnyang'anya miaka ya shule ya msingi. Umri huo ndio unaomkaribisha kwenye mpaka mwingine, kwa kuwa Kanada humhesabu mtoto kuwa mtegemezi wa wazazi iwapo hajaoa au kuolewa na yuko chini ya miaka 22, na hivyo kijana akiambiwa arudie mtihani au aahirishe safari, husikia pia saa ya umri ikigonga. Anayesoma kwa namna hiyo hachoki kwa sababu ya wingi wa kazi tu, maana kazi nyingi amezizoea. Huchoka kwa kutojua. Angeambiwa mwezi Julai kwamba hataitwa popote kabla ya Desemba, angelala na kuamka na vitabu vyake. Angeambiwa ataondoka Septemba, angeomba barua za shule na kuaga. Kisichosomeka ni ile hali ya kungoja jina libandikwe kwenye ubao wa matangazo asubuhi ya mtihani wa kemia.

Ombi la mtahiniwa ni dogo. Jalada la kesi lina mahali pa kuandika ugonjwa, ujauzito na ulemavu, na huangaliwa kabla ya kupanga tarehe. Pawepo pia mahali pa kuandika kwamba ndani ya nyumba hii yuko mtahiniwa, na nambari yake ya mtihani ni hii.

Kauli ya Mtahiniwa haimalizi mjadala, lakini inauhamisha kutoka kwenye tabia ya mwanafunzi na kuupeleka kwenye mpangilio wa ofisi. Ushauri wa kawaida kwa mwanafunzi mwenye shughuli mbili ni kugawa muda vizuri, na ushauri huo unafaa pale muda unapokuwa wake. Kwa mwanafunzi wa Lodwar anayeomba chuo cha ng'ambo unafaa kwa kiasi kikubwa, kwa sababu tarehe za kufunga maombi zinajulikana mwaka mzima kabla, naye anaweza kuandika insha zake za maombi likizo ya Agosti, akaomba barua za walimu kabla ya mtihani wa mwigo, na kuiacha Novemba iwe ya KCSE peke yake. Kwa mwanafunzi wa kesi ushauri huo hautoshi, kwa kuwa mtu hawezi kugawa muda asioambiwa.

Yako machache yanayobaki ndani ya uwezo wake, nayo yanastahili kutajwa kwa kuwa pande zote za mjadala zinayakubali. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilinganishwe kati ya kadi ya UNHCR na orodha ya usajili wa mtihani mapema katika mwaka wa mtihani, maana herufi moja iliyotofautiana husahihishwa kwa urahisi zaidi Machi kuliko baada ya cheti kuchapwa. Anayeondoka kabla ya KCSE achukue rekodi za alama za vidato vyote, ambazo shule ya ng'ambo itazihitaji ili kumpangia darasa. Anayeondoka baada ya mtihani lakini kabla ya vyeti kufika shuleni amwachie mtu anayeaminika idhini ya maandishi ya kukichukua chake. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kuacha kusoma, na hakuna linalohitaji kuacha kungoja.

Hoja iliyowekwa mezani, basi, inapita kwa sharti. Pale mwanafunzi anapoachiwa kuchagua, mtihani utangulie, kwa sababu historia ya Kakuma tangu mwaka 2001 inaonyesha kwamba safari iliyothibitishwa hufutwa kwa saini ya mtu aliye mbali, na alama haifutwi hivyo. Pale kesi ya familia nzima inapomtaka leo, Mama ana haki, na anayemlaumu kijana kwa kuiacha kalamu hajaielewa familia. Lakini miaka zaidi ya 40 ya mpango wa Kanada imeonyesha njia ya tatu, ambayo mtihani hutangulia na safari hufuata kwa sababu aliyeipanga safari aliitazama kwanza kalenda ya shule. Methali ya Mwalimu haikukataza kuukalia msala. Ilikataza kuuacha mbacha kwa ajili ya msala ambao bado uko mikononi mwa anayepita nao. Na kwa kuwa anayepita nao ndiye ajuaye atasimama lini, ni yeye anayepaswa kuulizwa kwanza, kabla ya aliyeketi juu ya mbacha wake akisoma.